Akaunti ya Jina Moja

Dangriga, Belize, 9 Februari 1997

Mama Mkubwa Tomasa,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kukaa kimya tangu kabla ya Krismasi. Sina kisingizio cha kukupa. Kila nikishika karatasi, ama Damiana anaamka, ama mimi nalala na kalamu ndiyo inayobaki macho. Leo homa yake imeshuka, amelala kifudifudi kama chura, basi naiba saa hii kabla hajageuka.

Sisi wazima. Meno ya mwisho ya Damiana yametoka na sasa anamng'ata kila mtu, hata padri. Bati la upande wa jikoni nimelipigilia mwenyewe. Bibi Pastora wa ng'ambo ya mto amefariki, pengine umeshasikia. Usiku wa tisa wa matanga ngoma zililia hadi alfajiri, na kila aliyenipa kikombe cha kahawa aliniuliza: Tomasa anakuja lini? Nikawa nawajibu kwamba unakuja. Sijui kama nilidanganya.

Mimi bado niko kiwandani kule bondeni, kwenye mkanda wa kuchagua machungwa. Hilario naye yuko kwenye mashine za kukamua. Hatujaoana na hatujagombana.

Sasa jambo lenyewe. Tangu wale vijana waliposimamisha na kupora gari la mishahara kwenye barabara ya bondeni, kiwanda hakitaki tena bahasha. Kuanzia Mei mshahara utaingia benki. Kila mtu apeleke namba ya akaunti yake kabla ya mwisho wa Aprili, na asiye na akaunti, mshahara wake utaingia kwenye ya ndugu au mwenzi wake anayefanya kazi humo humo. Wanawake wengi wa mkanda wetu wameshaandika za waume zao, mambo yamekwisha. Hilario amesema nisijisumbue, niandike yake. Nimemwambia asante.

Mimi nataka yangu. Si ya kuweka akiba, akiba ya nini kwa mshahara huu. Ni ya kushikia pesa za siku: sabuni, mtungi wa gesi, maziwa, nauli ya bondeni. Benki ni mbili. Ya darajani inatoa kitabu, haikati kitu, lakini dirishani kakaa Ofelia, mtoto wako wa ubatizo. Unamjua Ofelia. Mtu hajafika kwenye kaunta, yeye keshauliza kwa sauti ya mnadani: "Unatoa tena? Si ulitoa Ijumaa?" Foleni nzima inageuka kukutazama. Ya pili ni mpya, iko karibu na soko. Wanatoa kadi, na kuna mashine ukutani ya kutolea pesa. Wanakata kidogo kila mwezi. Dirishani yuko msichana wa Kimaya kutoka vijiji vya kusini, Bi. Choc, hajui mtu hapa na hataki kujua. Mama Mkubwa, mji huu kila mtu ni binamu yangu. Nataka benki ambayo dirishani hakuna binamu. Afadhali kukatwa kuliko kutangazwa.

Kinachonikwamisha ni kimoja. Benki zote mbili zinataka cheti changu cha kuzaliwa, na cheti unacho wewe, ulikichukua wakati ule ukiniombea viza. Nakuomba unitumie kifike kabla Aprili haijaisha.

Damiana amepiga chafya. Naacha hapa.

Mwanao,
Anselma


Los Angeles, 2 Machi 1997

Mwanangu Anselma,

Marahaba. Barua yako imefika salama. Baba yako mkubwa Balo ndiye aliyeifungua, maana ufunguo wa sanduku la barua anao yeye, akatusomea mezani. Tumecheka sana habari za Ofelia. Baba yako mkubwa anakusalimu na anasema huyo Hilario ana akili, pesa za watu wa nyumba moja zikae mahali pamoja ndipo zinaonekana.

Mimi niko vilevile. Bibi Lindqvist ninayemtunza sasa hatembei kabisa, namwogesha kitandani kama nilivyokuogesha wewe enzi zile, ila wewe ulikuwa hunitukani. Mvua imenyesha wiki mbili. Nina hamu ya hudut hadi naiota, lakini ndizi za huku ukizitwanga zinanuka kabati, na samaki wao wamekufa zamani. Pastora nimemlilia. Tulifukuzwa shule siku moja, mimi na yeye.

Hadi hapo nimeandikia nyumbani. Haya ya chini nayaandikia kazini, jikoni kwa Bibi Lindqvist.

Hiyo kadi siipendi. Nani amekutia kichwani? Mwanamume anayesema leo "usijisumbue, andika yangu," kesho atasema "nitajie tu hizo tarakimu nne, nikusaidie kutoa." Tarakimu za siri hazikai siri kwenye kitanda kimoja. Na kitanda nimesikia unacho. Nimeambiwa ulitoa pesa zote za kile kitabu alichokuachia marehemu bibi yako, ukanunua kitanda. Kikubwa. Cha mbao nyekundu. Sijui mnalala nani na nani humo.

Nisikilize. Nenda kwa Ofelia, benki ya darajani. Mwambie unataka akaunti ya pamoja, jina lako na langu, na iandikwe kwamba saini yoyote kati ya mbili inatosha. Ofelia anaijua fomu yake. Mimi nami nitakuwa naingiza vijisenti humo mara mojamoja. Wewe tumia zako, mimi sitakuuliza. Usimwambie mtu. Na ukipiga simu nyumbani usilitaje jambo hili, hata kama ni mimi niliyepokea.

Fanya kama nilivyosema, mwanangu. Huwa sikuombi vitu.

Mama yako mkubwa,
Tomasa


Dangriga, 6 Aprili 1997

Mama Mkubwa,

Shikamoo wewe na Baba Mkubwa. Damiana mzima, amejifunza kusema "hapana" na sasa hana neno jingine. Pasaka tulikwenda mtoni na mkate wa muhogo na samaki wa kukaanga, tukarudi na mchanga masikioni. Mvua bado. Kiwandani tunafanya kazi zamu ndefu, mikono inanuka maganda hata nikishika chakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipotaja cheti changu. Hakuna. Umetaja ndizi, umetaja kitanda, cheti hukukitaja. Zimebaki wiki tatu. Mtu aliyelelewa na wewe hawezi kudhani umesahau, kwa sababu wewe husahau kitu. Basi nimebaki nadhani vingine.

Kitanda nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilitoa pesa darajani, nikalipa kwa fundi, basi. Jumatano nikaenda kusimama kwenye foleni ya Ofelia bila kuwa na shida ya benki, nikiwa na Damiana kiunoni na aproni ya kiwandani.

"Ofelia, nani kamwambia mama mkubwa habari za kitanda changu?"

"Kitanda gani?"

"Ofelia."

"Aa, kile. Mimi sikumwambia, binamu. Aliniuliza, nikajibu. Kuambia na kujibu si kitu kimoja."

"Alipiga simu kutoka Amerika kuuliza kitanda?"

"Kitanda kiliingia katikati tu. Alipiga kwa jambo lake."

"Jambo gani?"

Akainyoosha kola yake, akautazama muhuri kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Hilo siwezi. Hilo ni siri ya benki."

Mzee Feliciano alikuwa nyuma yangu. "Ala," akasema, "benki hii imepata siri lini? Kama imefika leo, anzeni na salio langu, maana mke wangu analijua kuliko mimi."

Watu wakacheka, hata mimi kidogo. Ofelia hakucheka. Hilo ndilo lililonikaa. Ofelia ninayemjua angeshanong'ona kabla sijafika mlangoni. Umemwambia nini hadi akafunga mdomo?

Basi nakuuliza mwenyewe. Kwa nini unataka jina lako kwenye akaunti ya sabuni yangu? Na kwa nini saini yoyote kati ya mbili? Saini yoyote maana yake Jumatatu wewe uko huko na Jumanne pesa zangu hazipo hapa. Najua hutafanya hivyo. Lakini mtu hujenga mlango wa pili kwa sababu anakusudia kuutumia. Unataka kuniangalia nanunua nini? Unataka kujua Hilario anakula kwangu mara ngapi? Niulize, nitakwambia: mara nyingi, na anaosha sahani.

Umenilea, na sina deni kubwa kuliko hilo. Lakini majina mawili sitaki. Nimetoka kutafuta dirisha lisilo na binamu, siwezi kumweka mama ndani ya kitabu. Nitumie cheti changu, tafadhali. Hicho tu.

Anselma


Los Angeles, 17 Aprili 1997

Anselma,

Mimi mzima. Baba yako mkubwa mzima.

Barua yako aliisoma mezani, yote. Alipofika kwenye majina mawili akarudia tena pale. Akaomba aongezewe wali, akala, akamaliza.

Siku hizi siku ya malipo anakuja mwenyewe kunichukua kazini, nisihangaike na basi. Ni mtu wa kufikiria mambo. Karatasi zote za nyumba hii, na cheti chako kimo, zinakaa kwenye sanduku la chuma chini ya vyombo vyake, na funguo haziachwi ovyo. Ndiyo maana. Nilidhani ningekipata bila kuomba.

Pipa la nguo na viatu ninalowatumia, la mwaka huu halitakuja. Mwambie Damiana viatu vitakuja vingine.

Ile habari ya majina mawili tuiache. Usiniulize tena, na Ofelia usimsumbue, mtoto yule ametunza alichoombwa kutunza.

Ukiandika, tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha, ya kwa Bibi Lindqvist. Na uandike hivi: habari za mtoto, mvua na misiba ziwe ukurasa wa kwanza. Mengine yoyote yawe ukurasa wa pili, karatasi yake peke yake, isianzie nyuma ya ile ya kwanza. Baba yako mkubwa anapenda kusomewa habari za nyumbani Jumapili.

Sijakasirika. Kile kitanda, nilifurahi. Mwanamke kujinunulia kitanda chake ni jambo zuri. Nilikusudia kuandika hivyo na kalamu ikatoka na ukali. Stempu ya barua hii amenipa binti yake Bibi Lindqvist, mshukuru Mungu kwa ajili yake.

Tomasa


Dangriga, 21 Juni 1997

[Ukurasa wa kwanza]

Mama Mkubwa Tomasa na Baba Mkubwa Balo,

Shikamooni. Nimechelewa tena kuandika, na mara hii kosa ni la machungwa, yameiva yote kwa pamoja kama watu waliopatana. Sisi tu wazima. Mvua zimeanza, mto umejaa maji mekundu na vijana wanaruka kutoka darajani kama kawaida yao. Damiana amejifunza kucheza ngoma. Anatikisa nyonga huku uso umekaza kama hakimu, watu wanamtupia peremende. Mzee Feliciano alivunjika mkono kwa kuanguka kitandani, na mkewe anasema hakuwa amelala. Padri anawasalimu. Hilario anawasalimu. Bati halivuji.

Baba Mkubwa, nashukuru kwa kumjali mama mkubwa njiani. Mungu akulipe kama unavyostahili.

Mwanenu,
Anselma

[Ukurasa wa pili]

Mama Mkubwa,

Huu ukurasa usome jikoni, kisha fanya nao utakavyo.

Barua yako ya Aprili sikuielewa siku ile. Nilikasirika. Niliona umeninyima cheti, umeninyima sababu, na juu yake unanifundisha namna ya kupanga karatasi. Nikaiweka chini ya godoro. Tarehe thelathini ikafika na sina namba ya kupeleka ofisini. Karani akaniuliza, "Tukuandikie wapi?" Nyuma yangu kulikuwa na watu arobaini. Nikamtajia ya Hilario.

Nataka nikueleze bila kumwonea, maana wewe humpendi, na hakufanya ubaya wowote. Hakuninyima hata mara moja. Ilikuwa hivi.

Nilisema, "Nipe za gesi." Akasema, "Gesi imeisha? Si ya juzi?" Nikamwambia, "Ni ya juzi kwa mtu asiyepika." Akacheka, akatoa.

Wiki nyingine nilisema, "Nipe kidogo." Akasema, "Za nini?" Nikasema, "Za mambo ya wanawake." Akasema, "Mambo gani hayo?" Nikamtajia, mbele ya mama yake, kwa jina lake kamili. Akatoa haraka na kuongeza, na tangu siku hiyo mama yake ananiita dispensari.

Lakini Jumamosi ya tatu tulikuwa tunatoka sokoni, mimi na Damiana, na yule mama wa kona alikuwa ametoa mikate ya nazi, bado inatoa moshi. Nikataka tununue miwili tukae ukingoni mwa mto tule. Basi. Sikutaka kitu kingine duniani. Nikaenda kwa Hilario, alikuwa barazani anatengeneza nyavu. Nikasema, "Nipe kidogo." Akauliza bila ubaya, bila hata kuinua kichwa, "Za nini?"

Mwezi mzima nimesimama kwenye mkanda, vidole vimepasuka kwa maji ya machungwa, na sina jibu la mkate wa nazi. Nikasema, "Basi, acha." Tukapita pale kona, Damiana ananivuta sketi, nami natazama mbele kama mtu mwenye haraka.

Nilipofika nyumbani niliinua godoro nikazisoma barua zako mbili upya. Nikaona nani ana ufunguo wa sanduku la barua. Nikaona nani anakufuata siku ya malipo. Nikaona stempu ya kupewa. Nikaona saini yoyote kati ya mbili, na vijisenti vyako vya mara mojamoja, nikajua mlango ule wa pili ulikuwa wa nani, na kwamba hukuutaka wa kuingilia kwangu. Nami nikaenda kuuandikia barua nzima na kuituma ikasomwe mezani kwako. Sitakuomba msamaha kwa maneno mengi. Nitakuomba kwa haya yaliyo chini.

Hutaniandikia sababu. Sikuulizi. Ulinilea miaka kumi na hukuwahi kuniuliza kwa nini nalia, ulikuwa unaweka sahani tu.

Jumatatu yake niliomba ruhusa, nikapanda basi hadi ofisi ya vizazi mjini Belize, nikapanga foleni na Damiana ananing'ata bega, nikapata nakala ya cheti. Kile cha awali usikiombe tena, kikae humo kwenye sanduku lake kimlinde. Nikaenda benki ya sokoni. Bi. Choc akavuta fomu.

"Majina mangapi?"

"Moja."

"Taarifa za akaunti zije nyumbani?"

"Zikae hapa. Nitazifuata mwenyewe."

Akaandika bila kunitazama. Mama Mkubwa, sijawahi kufurahia kutotazamwa kiasi kile.

Hilario alipoona kadi alinuna siku mbili. Kisha akauliza, "Kwani umeniona mwizi?" Nikamwambia, "Hapana. Nimejiona mwombaji." Akaosha sahani. Za gesi sasa tunachanga. Tarakimu zangu nne hazijui, na kitanda ni kilekile.

Jina lako sitaliweka kwenye yangu. Nilikataa kwa hasira mwezi wa nne, leo nakataa kwa kukupenda. Ukiwa kwenye akaunti yangu, siku nikifa au nikiolewa au nikipumbaa, pesa zako zitakuwa na mtu mwingine wa kuziulizia. Nataka uwe na yako, ya jina lako peke yako, benki hiyohiyo, kwenye dirisha lile lisilo na binamu.

Nilimuuliza Bi. Choc kama inawezekana mtu akiwa mbali. Akamwita meneja wao. Kwa aliyezaliwa hapa inawezekana, ila wanataka karatasi. Pasipoti yako nadhani imo kwenye sanduku la chuma, basi sikuitaja. Padri amenitolea cheti chako cha ubatizo kutoka kitabu cha parokia, na meneja amekikubali pamoja na wadhamini wawili wanaokujua tangu zamani. Mmoja ni mimi. Kumpata wa pili nilikwenda darajani. Nilisimama foleni, nikapitisha fomu ya benki nyingine kwenye dirisha la Ofelia, wazi kabisa, mbele ya watu. Akaisoma. Nikasubiri sauti ya mnadani. Akatia saini, akaikunja mara mbili, akanirudishia akasema kwa nguvu, "Salio lako ni lilelile, binamu, hakuna kilichobadilika." Mimi sina akaunti kwake tena. Foleni haikugeuka.

Pesa za kufungulia nimeshaweka, si nyingi, usiulize. Ukipata chochote cha kwako, kile atakachokupa mkononi binti yake Bibi Lindqvist kwa mfano, ukitume kwa hawala ya posta kwa jina la benki na namba nitakayokuandikia. Kitakaa. Hakitoki hadi uje na mkono wako uliosaini, au hadi uandike kwa saini hiyo kwamba kitoke. Hata mimi siwezi kukigusa. Nilimuuliza mara mbili, Bi. Choc akachoka nami.

Viatu vya Damiana viache, anatembea vizuri tu bila viatu na vitamfanya aringe. Pipa liache. Ninachohitaji bado unitumie ni hiki tu, kwenye bahasha moja nyembamba, ukiitia wewe mwenyewe kwenye sanduku la posta:

Picha mbili ndogo, masikio yaonekane, na usivae ile kofia ya kanisani.

Hii kadi nyeupe niliyoiambatisha, uitie saini mara tatu. Weka saini mpya kama ile ya nyumbani inajulikana.

Jina unalotaka akaunti iitwe, la kwa mumeo au la kwetu. Chagua wewe, mimi nimeacha wazi.

Neno moja juu ya taarifa za akaunti: zije kwa Bibi Lindqvist, au zikae hapa zikusubiri.

Na jibu la mstari wa mwisho wa fomu, kwa mwandiko wako, maana hilo hawaruhusu mtu kumjibia mwingine. Wanauliza pesa hizi ni za nini. Mimi niliandika "za matumizi yangu mwenyewe," na Bi. Choc akapiga muhuri bila kuinua kichwa.

Anselma